Je, Baraza la Madiwani laweza kujenga makazi ya wasiojiweza katikati ya Arusha?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa Kaloleni, Arusha. Mtaani kwetu nyumba za zamani zinauzwa na kubomolewa moja baada ya nyingine ili kupisha ghorofa. Wazee waliokuwa wakipanga chumba kimoja kimoja hatujui wanakokwenda, na wapo vijana wenye maradhi ya akili wanaolala kwenye baraza za maduka. Nimesikia kwamba nchi nyingine mabaraza ya miji huwapatia watu kama hao makazi yenye uangalizi, tena katikati ya mji. Je, Baraza letu la Madiwani lina uwezo huo, au kazi yake ni kupitisha ramani za wenye fedha tu?

JIBU: Mwalimu, uwezo huo Baraza linao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaitaka halmashauri iendeleze ustawi wa jamii na hali ya kiuchumi ya watu wote waliomo katika eneo lake, na haibagui kati ya mwenye kiwanja na mpangaji wa chumba. Ugumu ni kwamba uamuzi unaoutafuta hautoki katika kikao kimoja. Umetawanyika mahali patatu: kiwanja hutengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, masharti huandikwa kwenye kibali cha ujenzi, na fedha za uendeshaji hupitishwa kwenye bajeti. Wananchi wengi hufika kwa diwani wakiwa na ombi la jengo. Kwa maoni yangu jengo ndilo jepesi kuliko yote, na mengi nitakayoyasema hapa yanahusu yale yanayolitangulia na yanayolifuata.

Nianze na nyumba zinazouzwa, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba mtu yeyote anayehamishwa ili kupisha maendeleo ana fidia yake. Fidia ipo pale Serikali inapotwaa ardhi. Hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinaeleza kwa kina vitu vinavyolipwa: thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya kusafirisha tani 12 za mizigo, posho ya malazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida iliyopotea ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe taarifa, kwamba ikichelewa inaingia riba, na kwamba baada ya miaka miwili uthamini huo unakoma kuwa halali. Utaratibu huo ni mzuri kwa mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba mara nyingi haonekani kabisa kwenye jedwali la mthamini.

Lakini Kaloleni, kama ulivyoeleza, hakuna anayetwaa. Mwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati anamuuzia mfanyabiashara kwa hiari, na si ajabu wauzaji wakawa warithi waliotawanyika Dar es Salaam na Nairobi wanaotaka kugawana na kumaliza. Katika mauzo ya hiari sheria ya fidia haiingii. Kinga pekee ya mpangaji ni mkataba wake, na mkataba wenyewe kwa kawaida ni risiti ya kodi ya miezi sita au ya mwaka. Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo hakuna chombo mahususi kinachomuuliza mnunuzi wa nyumba ni watu wangapi wanaoishi ndani yake. Kwa hiyo mzee akiondoka na godoro lake hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna ofisi iliyoandika jina lake. Ndiyo maana hamjui anakokwenda, na Jiji nalo halijui.

Hapo nina pendekezo la kwanza, nalo halihitaji fedha. Kila anayeomba kibali cha kubomoa au kujenga upya katika kata za kati atakiwe kuambatisha orodha ya wapangaji waliopo, idadi ya vyumba, na notisi waliyopewa, na orodha hiyo ipitie kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii kabla haijafika kwa wahandisi. Baraza linaweza kuliweka hili kwa sheria ndogo. Halitamzuia mtu kuuza mali yake, lakini Jiji litakuwa na hesabu, na bila hesabu hakuna mjadala wa bajeti unaoweza kuanza.

Pili, fahamu nani anamiliki katikati ya jiji, maana sehemu kubwa si ya halmashauri. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilianzishwa mwaka 1962. Ndiyo sababu ukitoka Mnara wa Saa na kuifuata Barabara ya Sokoine unakutana na majengo ya zamani, maduka chini na makazi juu, ambayo wapangaji wake hulipa kodi kwa Shirika. Shirika lina sera ya ubia inayomruhusu mwekezaji binafsi kujenga pamoja nalo kwenye viwanja vyake. Baraza la Madiwani haliwezi kuliamuru Shirika limpangishe nani, wala halina kura katika mikataba hiyo ya ubia. Kwa hiyo diwani anayeahidi jukwaani kwamba majengo fulani ya mjini yatageuzwa kuwa makazi ya wazee, muulize kwanza hati ya kiwanja ina jina la nani.

Kinachobaki mikononi mwa Jiji ni mpango na kibali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu mtu yeyote, awe mtu binafsi au shirika la umma, kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo inaweza kuidhinisha, kukataa, au kuidhinisha kwa masharti. Hapa ndipo ninapoona halmashauri zetu zimelala. Masharti tunayoandika ni ya umbali wa jengo kutoka barabarani, maegesho ya magari, maji taka na njia ya gari la zimamoto. Yote ni ya lazima, lakini ni nadra kukuta sharti linalosema kwamba anayebomoa vyumba kumi na viwili vya kupanga abakize angalau vichache vya kodi nafuu ndani ya ghorofa lake, au achangie ujenzi wa vyumba hivyo kwenye kiwanja kingine cha kata hiyohiyo. Sharti la namna hiyo halitungwi siku ya kutoa kibali, kwa kuwa mwekezaji ataliita uonevu na huenda akashinda mahakamani. Lazima liwe na mzizi kwenye mpango ulioidhinishwa, ili kila mnunuzi alikute na aliingize kwenye hesabu zake kabla hajanunua.

Arusha ina Mpango Kabambe, yaani mpango mkuu wa uendelezaji wa mji, unaoelekea mwaka 2035, ambao uliandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Surbana ya Singapore na haukuishia kwenye mipaka ya Jiji. Mpango wa kiwango hicho huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana, na Baraza haliwezi kuubadili peke yake kwa kikao cha asubuhi. Chini yake, hata hivyo, huchorwa michoro ya kina ya mipango miji, kata kwa kata na kitalu kwa kitalu, na huko ndiko kiwanja kimoja hupewa matumizi ya biashara, cha jirani makazi, na cha tatu huduma za jamii. Rasimu za michoro hiyo hutakiwa kuonyeshwa wazi ili wananchi watoe maoni. Nawajua wenye viwanja wanaokwenda kuziangalia, wapangaji sijawaona. Kama Kaloleni itachorwa upya bila kiwanja hata kimoja cha umma chenye matumizi ya makazi ya huduma, hoja yako itakuwa imekufa kabla ya kufika barazani, hata kama madiwani wote wanaiunga mkono.

Sasa nije kwenye mifano ya nje uliyoisikia. Wazo lenyewe lilipata umbo mwaka 1992 jijini New York, ambako mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing. Kabla ya hapo mgonjwa wa akili aliyelala mtaani alitakiwa kwanza aache pombe, ameze dawa kwa utaratibu, apite kwenye mabweni, na hatimaye akifaulu ndipo apewe chumba. Tsemberis aligeuza mpangilio: chumba kwanza, kwa mkataba wa upangaji kama wa mtu mwingine, na wauguzi na maafisa ustawi wamfuate humo. Canada iliupima utaratibu huo kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, kwa watu wapatao 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi, na waliopewa makazi kwanza walidumu ndani ya nyumba kwa muda mrefu zaidi kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Finland ikaufanya kuwa mpango wa taifa mwaka 2008, na mabweni yake ya zamani yakageuzwa vyumba vya kujitegemea.

Kuhusu katikati ya mji, mfano ninaoupenda ni wa hoteli ya zamani karibu na Times Square, New York, iliyokuwa imechakaa, ambayo katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa ikawa makazi yenye vyumba 652. Walichanganya humo waliotoka mtaani na wafanyakazi wa kipato cha chini, wakaweka wahudumu ndani ya jengo, na eneo linalolizunguka liliendelea kupanda thamani. Upo pia mfano wa kututahadharisha. Mwaka 2016 wapiga kura wa Los Angeles waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 kwa makazi ya aina hii, na kwa sababu ya ujenzi mpya, vibali vya muda mrefu na vyanzo vingi vya fedha vilivyofungana, gharama ya nyumba moja katika miradi mingine ilifika kiasi cha dola 600,000. Walioanza na majengo yaliyokuwepo walifika haraka kuliko walioanza na kiwanja kitupu. Somo hilo linasafiri vizuri hadi Arusha, ingawa fedha zao hazisafiri.

Wala tusijione kwamba sisi tunaanza sifuri. Moshi, kilomita zipatazo 80 kutoka kwako, yapo makazi ya wazee wasiojiweza ya Njoro, mojawapo ya makazi ya Serikali yaliyo chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalumu. Kwa wagonjwa wa akili, Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara imewahudumia kwa muda mrefu, na Muhimbili ina kijiji chake cha utengamao, yaani cha kumrudisha mgonjwa katika maisha ya kawaida, huko Vikuruti. Vituo hivi vina heshima yake, lakini vimejengwa juu ya dhana ya shamba: mgonjwa au mzee anaondolewa mjini, anapewa hewa na bustani. Mzee aliyeishi Kaloleni miaka arobaini akiuza kahawa hapo kona si mtu wa kupelekwa shambani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inaliweka jukumu la kumtunza mzee kwa familia na jamii kwanza, na makazi ya taasisi yawe njia ya mwisho. Kumpa mzee chumba cha kodi nafuu mtaani kwake, penye mtu wa kumjulia hali, kunakaribiana na sera hiyo kuliko kumhamishia Moshi.

Kwa nini iwe katikati, wakati viwanja vya Muriet au Olasiti ni nafuu? Swali hili ndilo mtakaloulizwa kwanza na Mweka Hazina, na msilidharau, kwa sababu kwenye karatasi ana haki. Tofauti inaonekana ukihesabu kile ambacho mtu huyu anakipata kwa miguu. Anayebeba mizigo au kuchambua vitunguu Soko la Kilombero hupata riziki yake kwa kuwahi alfajiri, na nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa ya alichopata. Vituo vya Afya Kaloleni na Levolosi viko karibu, na mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo kwa sera iliyopo. Afisa ustawi wa jamii yupo kwenye orodha ya mishahara. Kaya nyingine ziko tayari kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Huduma karibu zote ambazo New York ililazimika kuzilipia upya, hapa zipo ndani ya mwendo wa nusu saa, ila kila moja inamngoja mteja dirishani kwake na mteja hana anwani. Ukimpeleka kilomita kumi na mbili nje ya mji umeokoa bei ya kiwanja na umevitupa vyote hivyo, na baada ya muda utamkuta tena kwenye baraza la duka, chumba chake kule kikiwa kimepangishwa kwa mtu mwingine.

Sitaki kuficha kwamba shinikizo la upande wa pili litaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Mashindano ya AFCON ya mwaka 2027 yanakuja na uwanja wake uko Olmoti. Kila mji unaosubiri wageni huingiwa na hamu ya kusafisha mitaa, na wanaosafishwa kwanza ni hao wasio na mlango wa kufunga. Tuliona mwaka 2021, wamachinga walipopangwa upya nchi nzima, jinsi uamuzi wa mahali pa kufanyia biashara ulivyogeuka papo hapo kuwa uamuzi wa mahali pa kulala kwa wale wanaoishi karibu na meza zao. Ombi linalopelekwa sasa lina nafasi nzuri kuliko litakalopelekwa wakati mabango ya wageni yamekwisha kutundikwa.

Na sasa fedha, ambako miradi ya namna hii hufia. Bajeti ya halmashauri ina fedha za maendeleo na matumizi ya kawaida. Jengo ni maendeleo: lina mfadhili, lina jiwe la msingi, lina picha. Mlinzi wa usiku, mhudumu wa zamu, luku, maji na choo kilichoziba ni matumizi ya kawaida, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kuzindua choo kilichozibuliwa. Makazi yenye uangalizi bila uangalizi ni gesti mbovu, na gesti mbovu ikijaa wagonjwa, majirani wataifunga wao wenyewe. Kwa hiyo ombi lenu lisiingie kwenye kamati likiwa na makisio ya ujenzi peke yake. Liwe na kasma, yaani fungu la bajeti, ya uendeshaji ya angalau miaka mitatu, idadi ya watumishi kwa zamu, na jina la idara itakayowajibika. Ningeanza na vyumba visivyozidi ishirini, ndani ya jengo la halmashauri lililopo linalohitaji ukarabati, mchanganyiko wa wazee na vijana walio kwenye matibabu, kila mmoja akiwa na ufunguo wake na akichangia kodi hata kama ni kidogo. Wengine watakwambia zitumike zile asilimia 10 za mapato ya ndani. Hizo ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mkopo hauendeshi makazi.

Wenye maduka watapinga, na ni vyema kuwasikiliza bila kuwaita wakatili, kwani wao ndio wanaofagia baraza asubuhi. Pingamizi lao likichunguzwa linahusu usiku: nani anaitwa mgonjwa akizidiwa saa nane, na anafika baada ya muda gani. Jibu ni namba ya simu ya mtumishi wa zamu iliyobandikwa ukutani, na majirani wawili kwenye kamati ya uendeshaji. Pasipo majibu hayo mawili nami ningepinga.

Kuhusu njia ya kupita: mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini ukisubiri Mei umechelewa, kwa kuwa makisio huwa yamekwisha kupita kwenye Baraza na kuelekea mkoani na OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Hoja yenu ijadiliwe kwenye mkutano wa mtaa na kuandikwa kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani wenu ndiye mwenyekiti wake, kisha igawanywe: suala la kiwanja liende Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, la watumishi na huduma liende kamati inayosimamia afya na ustawi, na la fedha Kamati ya Fedha na Uongozi. Vikao vya kamati kwa kawaida havina watazamaji, na huko ndiko hoja nyingi huzimwa kwa maneno "suala lirudishwe kwa wataalamu". Mkutano wa Baraza zima uko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae, hata kama hamruhusiwi kusema.

Kwa leo, Mwalimu, andika barua moja kwa Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye katibu wa Baraza, nakala kwa mtendaji wa kata. Omba mambo matatu: orodha ya viwanja na majengo ya halmashauri yaliyomo katika kata za kati pamoja na matumizi yake ya sasa, mchoro wa mipango miji unaotumika Kaloleni, na muhtasari wa vikao vya Baraza vilivyojadili uendelezaji upya wa eneo lenu. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30, ipeleke masjala kwa mkono, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.